Korea: Jamaa Moja Iliyogawanywa kwa Mstari

Kapkatet ni mji mdogo ulio katika nchi ya chai, kando ya barabara itokayo Kericho kupitia Litein hata kufika Sotik. Mtu akitoka hapo kuelekea Sotik huvuka mpaka. Upande mmoja ni Kericho, na upande wa pili ni Bomet, tangu wilaya ya Bomet ilipotengwa na Kericho mwaka 1992. Walakini mpaka huo haumzuii mtu. Mzee aliyemwoza binti yake upande wa pili huenda kumtazama asubuhi na kurudi jioni. Ng'ombe wa mahari wameuvuka mara nyingi wala hakuna aliyewahesabu. Lugha ni moja, koo ni zile zile, na chai ya pande zote mbili huchumwa kwa namna moja, majani mawili na kichipukizi.

Na afikiri msomaji ya kuwa siku moja wageni wenye nguvu wanaugeuza mpaka huo kuwa ukuta. Binti aliyekwenda Sotik kwa siku mbili hawezi kurudi. Barua haipiti. Baada ya miaka mitano pande mbili zinapigana kwa mizinga na ndege, na vita vikisha kusimama, waya wa miiba na mabomu ya kuzikwa ardhini vinawekwa kutoka mwanzo wa mpaka hata mwisho wake. Miaka zaidi ya 70 inapita, na yule mzee anakufa bila kujua kama binti yake yu hai.

Jambo hilo, ambalo kwa watu wa Kapkatet ni la kufikiria tu, liliwapata Wakorea kweli kweli. Vita vyao vya mwaka 1950 hadi 1953 mara nyingi husimuliwa kuwa ni vita vya mataifa makubwa, Wakomunisti upande mmoja na adui zao upande wa pili. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Vita hivyo vilikuwa kwanza vita vya ndugu, na hasara yake kubwa iliwaangukia watu waliokuwa wakilima mpunga wao kabla ya mstari kuchorwa.

MSTARI ULIOCHORWA USIKU

Korea ni nchi iliyoingia baharini kama ulimi, kati ya China na Japani. Ukubwa wake wote haufiki nusu ya Kenya. Kwa zaidi ya miaka 1,000 Wakorea walikuwa taifa moja, wenye lugha moja na mfalme mmoja. Mwaka 1910 Wajapani waliitwaa nchi hiyo na kuitawala kwa mkono mgumu muda wa miaka 35. Wakulima wengi walipoteza mashamba yao, vijana walipelekwa kufanya kazi katika migodi na viwanda vya Japani, na hata majina ya watu yalilazimishwa kugeuzwa yawe ya Kijapani.

Mwezi wa Agosti 1945 Japani ilishindwa katika Vita Kuu ya Pili. Warusi walikuwa wamekwisha kuingia Korea kutoka kaskazini, na majeshi ya Marekani yalikuwa bado mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Agosti, huko Washington, maofisa wawili wa Kimarekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kadiri ya nusu saa kutafuta mahali pa kuigawa nchi hiyo, ili Wajapani walio kaskazini wasalimu amri kwa Warusi, na walio kusini wasalimu amri kwa Wamarekani. Walitazama ramani wakachagua mstari wa 38. Huo ni mmoja wa mistari ile ya kufikirika inayozunguka dunia, kama Ikweta inayopita Maseno na Nanyuki. Warusi walikubali. Hakuna Mkorea aliyeulizwa.

Mstari wa namna hiyo haujui mto wala kilima. Ulikata barabara, reli, vijiji na mashamba. Wale waliouchora hawakukusudia ukae milele. Ulikuwa wa kupokelea silaha za adui aliyeshindwa tu. Lakini kila dola lilitaka upande wake ufuate njia yake, na jambo la muda likageuka kuwa la kudumu.

Watu wa nchi ya Kericho wanaweza kulifahamu jambo hilo upesi, kwani wao pia wana kumbukumbu za mipaka iliyochorwa na wengine. Mapema katika karne ya 20 sehemu kubwa ya ardhi yao nzuri ilitengwa kwa ajili ya walowezi, na baadaye makampuni makubwa yakapanda chai humo. Mwaka 1934 jamaa za ukoo wa Talai zilihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Anayechora mstari na anayeishi juu yake si mtu mmoja, na uchungu wake hauwapati sawasawa.

UMEME, MBOLEA NA ARDHI

Mgawanyo ule ulidhuru maisha ya watu kabla ya risasi ya kwanza kupigwa. Wajapani walikuwa wamejenga viwanda vikubwa na mitambo ya umeme upande wa kaskazini, kwenye mito yenye nguvu. Kiwanda kikubwa cha mbolea kilikuwa Hungnam, kaskazini. Kusini kulikuwa na watu wengi zaidi na mashamba mazuri ya mpunga. Kwa hiyo mkulima wa kusini alitegemea mbolea ya kaskazini, na mfanyakazi wa kaskazini alitegemea mchele wa kusini. Mwezi wa Mei 1948 wakuu wa kaskazini walikata umeme uliokuwa ukipelekwa kusini. Viwanda vilisimama, na miji ikawa giza.

Jambo la pili lilikuwa ardhi. Wengi wa wakulima wa Korea hawakuwa na mashamba yao wenyewe. Walilima mashamba ya mabwana, na katika kila mavuno walitoa nusu au zaidi kuwa kodi. Hapo ndipo Wakomunisti walipopata masikio ya watu. Mwezi wa Machi 1946 kaskazini walichukua mashamba ya mabwana bila malipo wakayagawa kwa wakulima. Mabwana wengi walikimbilia kusini, na wana wao wakawa adui wakubwa wa ukomunisti. Kusini nako serikali ilitunga sheria ya ardhi mwaka 1949, na kuirekebisha mwezi wa Machi 1950. Mtu hakuruhusiwa kuwa na zaidi ya hekta 3 hivi, na mkulima aliyepewa shamba alitakiwa kulipa thamani ya mavuno ya mwaka mmoja na nusu, kwa mafungu katika miaka 5.

Mkulima wa kaskazini hakudumu na shamba lake. Baada ya vita serikali ya huko iliyaunganisha mashamba yote kuwa ya ushirika, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 1958. Kusini mkulima mdogo alibaki na hati yake, akalima na kusomesha watoto. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa na kila mtu ambaye riziki yake hutoka katika eka chache za chai.

SERIKALI MBILI, KISHA VITA

Mwaka 1948 zilizaliwa serikali mbili. Tarehe 15 Agosti Jamhuri ya Korea ilitangazwa Seoul, kusini, chini ya Rais Syngman Rhee. Tarehe 9 Septemba Wakomunisti walitangaza serikali yao Pyongyang, kaskazini, chini ya Kim Il-sung. Kila moja ilidai kwamba yenyewe ndiyo serikali ya Korea yote. Rhee na Kim wote wawili walikuwa wamepinga utawala wa Wajapani, na wote wawili walitaka nchi iwe moja. Walichokosa ni kukubaliana ni nani atakayeitawala.

Alfajiri ya tarehe 25 Juni 1950 majeshi ya kaskazini yalivuka mstari wa 38 yakiwa na vifaru vya Kirusi. Baada ya siku tatu Seoul ilianguka. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliomba nchi wanachama ziisaidie kusini. Urusi, ambayo ingeweza kulizuia azimio hilo, haikuwa barazani, kwa kuwa tangu Januari ilikuwa imesusia vikao kwa sababu ya ugomvi juu ya kiti cha China. Nchi 16 zilipeleka askari, Marekani ikiwa na wengi kupita zote.

Vita vilikwenda na kurudi kama maji ya bahari. Majeshi ya kusini na ya Marekani yalisukumwa hata pembe ya kusini mashariki, karibu na bandari ya Pusan. Tarehe 15 Septemba Jenerali Douglas MacArthur aliteremsha askari Incheon, nyuma ya adui, na Seoul ikakombolewa. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yakapanda kaskazini hata karibu na mpaka wa China. Ndipo China ilipoingiza mamia ya maelfu ya askari wake, na safari ikawa ya kurudi nyuma katika theluji. Mwezi wa Januari 1951 Seoul ilianguka mara ya pili, na mwezi wa Machi ikakombolewa tena.

Basi mji huo mmoja ulibadili mikono mara 4 katika miezi 9, na msomaji afikiri maana yake kwa mtu wa kawaida. Jeshi la kaskazini lilipoingia liliwagawia watu mashamba na kuwaandikisha katika kamati zake. Aliyekataa aliitwa adui wa watu. Jeshi la kusini liliporudi, yule aliyepokea shamba au kuwapikia askari chakula aliitwa Mkomunisti. Karani aliyeandika majina ya wanakijiji kwa amri ya bwana mmoja aliulizwa habari zake na bwana wa pili. Wengi waliuawa, si kwa kupiga bunduki, bali kwa kuwa majina yao yalikuwa katika orodha.

Hakuna upande uliotoka na mikono safi. Mwanzoni mwa vita polisi na askari wa kusini waliwaua maelfu mengi ya watu walioandikishwa katika chama kilichoitwa Bodo, kilichoundwa mwaka 1949 kwa ajili ya kuwarekebisha waliodhaniwa kuwa Wakomunisti. Wengi wao walikuwa wakulima wasiojua siasa, walioandikishwa na wakubwa wa vijiji ili hesabu itimie. Mwaka 2008 Rais Roh Moo-hyun aliomba radhi kwa niaba ya serikali ya kusini. Majeshi ya kaskazini nayo, yalipokimbia mwezi wa Septemba 1950, yaliwaua wafungwa wao katika miji kama Daejeon. Vita havina macho, lakini vita vya ndugu vina orodha, na huo ni ubaya mwingine.

ASKARI WA KUTOKA ETHIOPIA

Katika nchi zile 16, mbili zilikuwa za Afrika. Afrika Kusini ilipeleka warushaji wa ndege. Ethiopia, jirani ya Kenya, ilipeleka askari wa miguu.

Mfalme Haile Selassie alikuwa na sababu yake. Waitalia walipoishambulia nchi yake mwaka 1935, alikwenda Geneva mwezi wa Juni 1936 kuuomba Ushirikiano wa Mataifa umsaidie, naye hakusaidiwa. Alirudi Addis Ababa mwezi wa Mei 1941, baada ya Waitalia kushindwa na majeshi ya Kiingereza, ambamo walikuwamo wapiganaji wa Ethiopia wenyewe na askari wa KAR kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Kwa hiyo Umoja wa Mataifa ulipoomba msaada kwa ajili ya Korea, yeye aliona kwamba aliyepata kuachwa peke yake hawezi kumwacha mwingine.

Askari walichaguliwa kutoka walinzi wa Mfalme, na kikosi kikapewa jina la Kagnew. Kikosi cha kwanza, chenye watu zaidi ya 1,000, kilitoka Addis Ababa mwezi wa Aprili 1951, kikapanda meli Djibouti, na kufika Pusan mwezi wa Mei. Vikosi vitatu vilipokezana hata mwisho wa vita, vikiwa pamoja na Divisheni ya 7 ya Marekani katika milima ya katikati ya nchi. Watu hao walizaliwa katika nyanda za juu zenye usiku wa baridi, lakini baridi ya Korea, inayogandisha mito hata ikapitika kwa miguu, hawakuwa wameiona.

Waethiopia zaidi ya 120 walikufa na zaidi ya 500 walijeruhiwa. Hakuna hata mmoja aliyetekwa na adui akiwa hai, na jambo hilo liliwapa sifa kubwa. Walifanya na jambo jingine ambalo Wakorea wamelikumbuka zaidi. Mwaka 1953, katika mji wa Dongducheon, walisaidia kuanzisha nyumba ya kutunza watoto yatima, wakitoa sehemu ya mishahara yao wenyewe. Mnara wa kuwakumbuka ulijengwa Chuncheon, na Mfalme Haile Selassie alifika kuutazama mwaka 1968.

Mambo ya dunia hugeuka. Mwaka 1974 Mfalme alipinduliwa, na wakuu wa jeshi waliotwaa serikali wakafanya urafiki na Urusi na Korea ya Kaskazini. Askari waliokwenda kupigana na Wakomunisti wakajikuta wakitawaliwa na Wakomunisti. Nishani zilizokuwa fahari yao zikawa kitu cha kufichwa. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1991 wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa wazee maskini. Baadaye Wakorea wa kusini waliwatafuta, wakawasaidia wao na jamaa zao, na mnara mwingine ukasimamishwa Addis Ababa.

KENYA NA VITA HIVYO

Askari wa KAR hawakupelekwa Korea. Walipelekwa Malaya, ambako Waingereza walikuwa wakipigana na Wakomunisti wa huko katika misitu tangu mwaka 1948. Kikosi cha tatu cha KAR, ambacho kilikuwa cha Kenya, kilikuwa Malaya mwaka 1952 na mwaka 1953. Katika KAR vijana wa Kipsigis na wa Kinandi walikuwa wengi, kama walivyokuwa katika Vita Kuu, na wapo wazee wao waliorudi kutoka Burma wakiwa na nishani na homa.

Huko Malaya nako kulikuwa na mistari na waya. Yapata watu 500,000, wengi wao wakulima wa asili ya Kichina, walihamishwa na kuwekwa katika vijiji vipya vilivyozungushiwa waya, ili wasiwape wapiganaji wa msituni chakula. Askari wa Kenya waliporudi kwao walikuta hali ya hatari imekwisha kutangazwa, tangu tarehe 20 Oktoba 1952, na punde vijiji vya namna ile ile vikajengwa katika nchi ya Wakikuyu.

Vita vya Korea vilifika Afrika Mashariki kwa njia ya soko pia. Mataifa makubwa yalinunua kwa haraka kila kilichofaa kwa jeshi, na bei ya mkonge ikapanda mno mwaka 1951. Mashamba ya Tanganyika na ya Kenya yalipata faida ambayo hayakuwa yameizoea. Vita vilipotulia bei zilishuka tena. Hivyo mtu wa Tanga aliyekata mkonge alipata shilingi kwa sababu ya kijiji kilichokuwa kikiungua katika nchi asiyopata hata kuliona jina lake.

WAFUNGWA NA MAPATANO

Mazungumzo ya kusimamisha vita yalianza tarehe 10 Julai 1951 huko Kaesong, kisha yakahamishiwa Panmunjom. Mambo mengi yalipatana, lakini moja lilichukua muda mrefu kuliko yote, nalo ni habari za wafungwa. Wakomunisti walitaka wafungwa wote warudishwe makwao. Wamarekani walisema asiyetaka kurudi asilazimishwe. Wakati wakuu walipokuwa wakibishana, askari waliendelea kufa juu ya vilima vilivyochukuliwa leo na kuachwa kesho.

Mwishowe wafungwa zaidi ya 22,000, Wachina na Wakorea wa kaskazini, walikataa kurudi, wakawekwa chini ya tume iliyoongozwa na Jenerali Thimayya wa India. Wachina zaidi ya 14,000 walikwenda Taiwan. Upande wa pili Wamarekani 21 na Mwingereza mmoja walichagua kubaki na Wakomunisti. Wafungwa wachache, wengi wao Wakorea, hawakutaka Kaskazini wala Kusini, wakaomba kupelekwa nchi isiyofungamana na upande wowote. Watu hao walikuwa na nchi mbili zilizowataka, wala hawakuwa na nyumba.

Tarehe 27 Julai 1953 mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi. Wakuu wa Kusini hawakutia sahihi yao, kwa kuwa Rais Rhee hakutaka nchi ibaki vipande viwili. Hayo yalikuwa mapatano ya kunyamazisha bunduki tu; mkataba wa amani haujafanywa mpaka leo. Waliokufa wanahesabiwa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 3, na wengi wao hawakuwa askari. Na mpaka ulikuwa wapi? Ulikuwa karibu pale pale ulipokuwa mwanzo. Magharibi ulisogea kidogo kusini, mashariki ukasogea kidogo kaskazini. Mtu wa Kaesong, aliyekuwa raia wa Kusini kabla ya vita, alikuta mji wake u Kaskazini. Mtu wa Sokcho, aliyekuwa Kaskazini, alikuta mji wake u Kusini. Hawakuhama wao, mstari ndio uliohama.

WALIOSEMA WATARUDI KARIBUNI

Mwezi wa Desemba 1950, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipokuwa yakiondoka kwa meli katika bandari ya Hungnam, kadiri ya raia 100,000 waliondoka nayo. Meli moja ya mizigo, Meredith Victory, ilichukua watu 14,000 hivi. Wengi katika wakimbizi hao waliwaacha nyuma wazee, wake na watoto wadogo wasioweza kustahimili safari, wakiwaambia watarudi baada ya siku chache. Siku hizo hazikuisha.

Mwaka 1983 shirika la utangazaji la KBS la Seoul lilifungua kipindi cha televisheni cha kuwatafuta jamaa waliopotezana ndani ya Kusini yenyewe. Kilikusudiwa kwa saa chache tu. Watu walikuja na mabango yenye majina, alama za mwilini na majina ya vijiji, wakasimama nje ya jengo mchana na usiku. Kipindi kiliendelea kwa siku 138, na jamaa zaidi ya 10,000 zilikutana. Ndugu waliokuwa wakiishi katika mji mmoja kwa miaka 30 walitambuana kwa kovu.

Kwa wale ambao jamaa zao walibaki Kaskazini mambo yamekuwa magumu zaidi. Tangu mwaka 1988 watu zaidi ya 130,000 wa Kusini wameandikisha majina yao ili wakutanishwe na ndugu zao. Serikali mbili zilikubaliana kuwakutanisha wachache, mara moja mwaka 1985, na mara kadha kuanzia mwaka 2000. Waliochaguliwa walichaguliwa kwa kura. Walipewa siku 3, na katika hizo saa za kukaa pamoja zilikuwa chache. Mama wa miaka 90 alimwona mwana wa miaka 70, akamlisha kwa mkono wake, kisha mabasi yakaondoka. Mkutano wa mwisho ulikuwa mwezi wa Agosti 2018. Wengi wa wale walioandikishwa wamekwisha kufa.

Nchi ya Kusini, iliyotoka vitani ikiwa maskini mno, imekuwa moja ya nchi tajiri za dunia kwa viwanda na elimu. Kaskazini watu walipata njaa kubwa katika miaka ya 1990, na mamia ya maelfu walikufa. Miongoni mwa vijana wa Kusini wako wanaosema kwamba hawaoni haja ya kuunganika na watu wasiowajua. Kaskazini nako Kim Jong Un, mjukuu wa Kim Il-sung, ametangaza kwamba Kusini ni adui wala si ndugu, na mwezi wa Oktoba 2024 jeshi lake lililipua barabara zilizokuwa zikiunganisha nchi mbili.

Waswahili husema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba ugomvi wa ndugu haudumu, na mgeni mwenye busara hauingilii. Korea wageni hawakuchukua jembe. Walichora mstari, wakaleta bunduki pande zote mbili, na wakuu wa Korea wenyewe wakazipokea kwa kuwa kila mmoja alitumaini kumshinda ndugu yake kabla ya mavuno. Mavuno yamekuja mara nyingi tangu hapo. Kati ya nchi mbili liko eneo la kilomita 4 kwa upana na yapata kilomita 250 kwa urefu, lililokuwa na vijiji na mashamba, na ambalo kwa sehemu kubwa limerudi kuwa msitu. Korongo hutua huko wakati wa baridi na kuondoka wapendavyo. Wakorea ndio wasioweza kupita.